KWA NINI HERUFI H ILIPOTEA
Habari za tushe za klavie, kwa kuandika na kwa kucheza



Mnakumbuka maneno ya herufi h. Mwezi wa pili mwaka huu majina ya wafinalisti yalipigwa kwa ordinateri ya chumba cha daktilo, yakatolewa kwa karatasi, yakabandikwa ukutani ili kila mtu aangalie jina lake mbele ya faili kuondoka. Ndugu zetu ambao majina yao yanaanza na Dh wakajikuta bila h. Mmoja wao akawa sasa na jina la mtu mwingine kabisa, mtoto wa darasa la nyuma. Anayejua mambo ya diploma hawezi kucheka. Jina likikosewa pale mwanzo linakwenda vile vile mpaka mwisho, na kulisahihisha baadaye ni safari, ni barua, ni franka, na pengine ni mwaka mzima wa kungoja huku wenzako wamekwisha kuingia chuo.

Aliyepiga ile orodha ni mwandishi wa darasa letu. Sisi wa kamati tulimwita mbele ya wenzake, tukamwambia ya kuwa amefanya kazi kwa uvivu. Alijibu maneno mawili tu: «H nilipiga.» Tukamwambia aonyeshe. Akapiga, mara ya kwanza h ikatoka, mara ya pili haikutoka, mara ya tatu haikutoka. Mwalimu wa daktilo akakaa pahali pake, akapiga h mara ishirini, zikatoka zote ishirini. Basi tukakata maneno: klavie ni nzima, kosa ni la mtu. Dada yetu akatoka inje akilia, na sisi tukaona tumefanya kazi ya haki.

Kumbe tulikosea. Orodha ilisahihishwa kwa wakati, hakuna mfinalisti aliyepoteza jina. Lakini maneno yetu juu yake yalibaki. Ndiyo maana tumeomba nafasi katika gazeti hili tueleze namna klavie inavyofanya kazi, ili kila mtu aone mwenyewe kosa lilikuwa wapi.

MASHINI YA ZAMANI

Tuanze na mwalimu wetu, kwa sababu vidole vyake ndivyo vilivyotudanganya. Yeye alijifunza kwa mashini ya kuandikia, ile ya chuma ambayo hata leo inapiga stensili za gazeti hili. Mashini za namna hii zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1874 na kampani ya Remington, kwa ufundi wa bwana Christopher Latham Sholes. Ndani yake hakuna umeme. Tushe ni mwisho wa fimbo. Ukiipiga, fimbo inarusha mkono wa chuma wenye herufi, na herufi inakwenda kugonga utepe na karatasi. Nguvu ya kuandika yote inatoka kwa kidole chako.

Kwa stensili ni zaidi. Pale utepe unaondolewa, na herufi tupu inapasua ile nta ili wino wa roneo upite. Ukipiga polepole, nta haipasuki na neno linatoka jeupe. Ukipiga kwa hasira, tumbo la o linakatika na kuanguka, na kwa karatasi unaona doa jeusi kama jicho. (Wenye namba iliyopita waangalie ukurasa wa 3, hapo kapita alipiga mwenyewe.) Mwalimu anatufundisha kupiga na kuacha mara moja, kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto ndicho kinachoteseka, maana ndicho kinachopiga a, na Kiswahili bila a si Kiswahili.

Mtu aliyefanya miaka mingi namna hiyo ana vidole vya fundi wa nyundo. Akikaa mbele ya klavie yo yote ya ordinateri, anaipiga mpaka chini kabisa, hata kama haiombi. Wekeni neno hili akilini.

KLAVIE YA MPIRA

Klavie tulizo nazo katika chumba cha daktilo, na karibu zote zinazouzwa kwa bei ndogo katika maduka ya Boulevard de Libération, ni za mpira. Kwa ruhusa ya Bwana Prefe tulifungua moja siku ya posho, baada ya usafi. Ndani tulikuta vumbi letu jekundu la Bunia, nywele, punje za mchele, na chini ya tushe tatu sukari ya chai iliyoganda. Mwenye chai hakujitaja.

Chini ya tushe zote kuna karatasi tatu za plastiki, moja juu ya nyingine. Ya juu na ya chini zimechorwa njia za umeme. Ya katikati haina njia, ila ina tundu chini ya kila tushe, na kazi yake ni kuzitenga zile mbili. Juu ya kila tundu kumekaa kofia ndogo ya mpira. Ukibonyeza tushe, kofia inabonyea, kisha ncha yake ya ndani inasukuma karatasi ya juu ipite katika tundu, iguse ya chini. Hapo umeme unapita na herufi inaandikwa. Ukiachilia, kofia inarudi na kukuinulia kidole.

Ni kazi safi, tena ni rahisi sana kutengeneza, ndiyo maana bei yake ni ndogo. Ila ina udanganyifu mmoja. Kidole kinasikia ile kofia ikibonyea, kinafikiri kazi imekwisha. Kumbe kofia inabonyea kwanza, umeme unapita baadaye, karibu na mwisho wa njia. Kofia ikiwa mpya, mambo hayo mawili yanafuatana kwa haraka na huoni tofauti. Ikizeeka, mpira unakuwa mgumu au unapasuka upande mmoja, ncha haishuki tena sawa, na pale katikati panakuwa na nafasi. Ndipo tuliposhika mwizi.

Tulipima. Tulichukua chupa ndogo ya dawa, tukaijua uzito wake kwa mizani ya kemia, tukatia maji kwa sindano isiyo na ncha tuliyoomba kwa dispansari. Mililita moja ya maji ni gramu moja, basi kazi ni nyepesi: unatia maji, unafunga chupa vizuri (vizuri kabisa, tunawasihi), unaisimamisha juu ya tushe, unaangalia. Tushe g ilishuka na kuandika karibu na gramu 60. Tushe j ilifanya vile vile. Tushe h ilishuka karibu na gramu 70, lakini kwa kioo cha ordinateri hapakuwa na kitu. Tukaongeza maji. Herufi ilitoka tulipopita gramu 110.

Mnaona sasa? Mwandishi wetu ana vidole vyepesi, alijifunza kwa ordinateri wala si kwa chuma. Alitoa nguvu iliyotosha kwa g, ikatosha kwa j, akasikia h imebonyea kama ndugu zake, akaendelea. Mwalimu alikuja na nyundo zake akapita gramu 110 bila kujua. Alisema kweli yeye, na mwalimu alisema kweli. Aliyesema uongo ni kipande cha mpira.

KLAVIE TATU KUTOKA KAMPALA

Habari hii ilimfikia mwanafunzi wa zamani wa masomo yetu ambaye sasa anafanya kazi Kampala. Alituma klavie tatu za namna nyingine kwa mkono wa mchuuzi anayepita njia ya Mahagi. Ni klavie nzito. Mtu wa kwanza aliyezibeba aliuliza kama ni matofali. Zinaitwa za mekaniki. Kila tushe ina swichi yake peke yake, kisanduku kidogo cha plastiki, na ndani yake resori, yaani waya uliozungushwa, pamoja na majani mawili ya chuma.

Klavie zenye resori si jambo la leo. Kampani ya IBM ya Marekani ilitoa mwaka 1985 klavie yake inayoitwa Model M, ambayo resori yake inajipinda ghafula na kugonga, na mpaka leo kuna watu wanaandika nayo. Na kampani ya Cherry ya Ujerumani ilianza katika miaka hiyo ya 1980 swichi inayoitwa MX. Haki ya Cherry ya kutengeneza umbo lile peke yake ilikwisha katikati ya miaka ya 2010, na viwanda vya China, kama Gateron na Kailh, vikaanza kutengeneza zinazofanana nazo. Ndiyo sababu bei ilishuka, na ndiyo sababu zetu ni za China.

Sasa sikilizeni jambo ambalo lilitushangaza kuliko yote. Katika swichi hizi, kidole hakigandamizi chuma juu ya chuma. Ni kinyume. Tushe ikiwa juu, mguu wake wa plastiki unalisukuma jani moja likae mbali na lingine. Ukibonyeza, mguu unashuka na kuliachilia, nalo linarudi lenyewe kumgusa mwenzake kwa nguvu zake yenyewe. Kidole kinafungua mlango tu. Kwa hiyo aliye na vidole vya fundi na aliye na vidole vya mtoto, wote wawili wanapata mguso ule ule wa umeme, tena katikati ya njia, si mwisho. Swichi ya kawaida ya MX inashuka milimita 4, na herufi inatoka kwa milimita 2. Yale mambo ya gramu 60 na 110 hapa hayako.

Na sehemu ya kugusana ya Cherry ni vipande viwili vidogo vya madini yaliyochanganywa na dhahabu, vimewekwa kama msalaba. Kwa nini dhahabu? Kwa sababu dhahabu haishiki kutu wala haigeuki nyeusi, na umeme unapita humo hata miaka ikipita. Sisi watoto wa Ituri tunasikia habari za dhahabu tangu kuzaliwa, babu zetu walifanya kazi Kilo-Moto, na wengine wetu wanalipiwa masomo na mchanga wa mto. Lakini hatukufikiri kamwe ya kuwa iko mtu anaiweka chini ya herufi h.

Rangi ya plastiki inakuambia tabia ya swichi. Klavie moja ni ya tushe nyekundu, ya pili buluu, ya tatu kahawia.

Nyekundu inashuka laini toka juu mpaka chini, hakuna kizuizi, hakuna sauti ya swichi yenyewe. Cherry wanaandika gramu 45. Buluu ina kigingi kinachozuia kidogo, kisha kinaachilia, na kipande cheupe ndani yake kinaruka na kulia «tki!», inaomba karibu gramu 60 pale penye kizuizi. Kahawia iko katikati: kuna kinundu kidogo unachokisikia kwa kidole, karibu gramu 55, lakini haisemi. Chupa yetu ya dawa ilitoa hesabu zilizo karibu na hizo, na tena, hii ndiyo kubwa, zilikuwa karibu sawa kwa tushe zote za klavie moja, toka a mpaka z.

KWA KUANDIKA

Tulipanga watu wa sekreteria na watu wa sayansi, kila mmoja apige habari ile ile ya ukurasa mmoja kwa klavie nne, ile ya mpira pamoja na hizi tatu. Hatutaandika hapa hesabu za kila mtu, maana wengine wameomba tusiandike.

Mwalimu wa daktilo aliipenda buluu mara moja. Alicheka akasema inamkumbusha ujana. Lakini siyo kumbukumbu tu. Katika buluu sauti na kizuizi vinakuja karibu kabisa na pale herufi inapotoka, basi sikio na kidole vinapata habari kwa pamoja: imetosha, ondoka. Mtu akizoea, haendi tena mpaka chini. Wanaojifunza walifanya makosa machache zaidi kwa buluu na kahawia kuliko kwa nyekundu. Nyekundu iliwasumbua, maana haina kizuizi cho chote. Ukipumzisha kidole juu yake kizito kidogo, inaandika bila kuombwa. Mmoja wetu aliandika «mwalimuuuuu» kwa sababu aligeuka kujibu swali.

Ila buluu ina adui wake, nao ni jirani. Tuliitumia jioni moja wakati wa etide. Wakipiga watu watatu tu, chumba kinakuwa kama bati wakati mvua ya mawe inaanza. Wa darasa la nne walituma mjumbe. Tangu siku hiyo buluu inatumika mchana peke yake.

Mwandishi wa darasa letu alichagua kahawia. Tulimwuliza sababu, akasema: «Inaniambia, lakini haiwaambii wengine.» Hatukuongeza neno.

Tuseme pia lisilopendeza. Anayepiga kwa nguvu za mashini ya chuma hapati faida yote ya swichi hizi. Anafika chini kila mara, plastiki inagonga plastiki, na baada ya saa mbili viungo vya vidole vinamwuma kama mbele. Swichi haimfundishi mtu. Ni mtu anayejifundisha kuacha njiani. Wiki mbili au tatu zinahitajika, kwa tulivyoona.

Tena swichi za mekaniki nazo zina ugonjwa wao. Klavie ya mpira ikiugua inakula herufi. Ya mekaniki ikiugua inazaa mapacha: unapiga b moja, zinatoka bb. Ni kwa sababu majani ya chuma yakigusana yanaruka kidogo, kama mpira uliodondoshwa sakafuni, mbele ya kutulia. Chipu iliyo ndani ya klavie inangoja kidogo, kama milisekunde 5, ndipo inahesabu. Vumbi likiingia au chuma kikichoka, kuruka kunazidi ule muda, na herufi inahesabiwa mara mbili. Klavie yetu ya buluu imekwisha kuanza kwa tushe ya n. Kwa orodha ya majina, n mbili ni mbaya sawasawa na h iliyopotea.

KWA KUCHEZA

Hapa tunajua wengi walikuwa wanangoja, wameruka sehemu zote za juu. Rudini msome.

Saa moja ya michezo siku ya posho imeruhusiwa tangu mwaka jana, grupe ikiwa inawaka au umeme ukiwapo. Wavulana walikuwa wanasema klavie nyekundu ni ya ushindi. Kuna ukweli ndani yake. Mchezaji hasomi herufi, anashika tushe, anaachilia, anashika tena haraka. Nyekundu haina kizuizi, basi kidole kinaweza kucheza juu na chini pale pale penye milimita 2. Buluu haifai hapo, kwa sababu swichi yake inajifungia chini lakini inajifungulia juu zaidi. Usipoinua kidole vya kutosha, mpigo wa pili hauhesabiwi. Ni tabia njema kwa mwandishi na ni hasara kwa mchezaji wa kurukaruka. Kuna hata swichi za namna ya haraka ambazo Cherry wamezifanya ziandike kwa milimita 1,2 tu.

Lakini tufanye hesabu kidogo, wana sayansi. Kioo cha kawaida cha ordinateri kinabadilisha picha mara 60 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 17 hivi. Na mtu akiona kitu, mpaka kidole chake kinaanza kusogea, zinapita kama milisekunde 200 au zaidi. Sasa hizo milisekunde chache za swichi ziko wapi kati ya hizo? Ndogo yetu wa darasa la tatu alitushinda wote katika mchezo wa magari, na alikuwa ameshika klavie ya mpira isiyo na tushe ya F5.

Jambo lenye maana zaidi kwa michezo yetu ni lingine, na watu wa hapa wanalijua bila kulijua. Sisi hatuna klavie ya kila mchezaji. Wawili wanakaa kwa klavie moja, mmoja kushoto, mwingine kuume. Mnakumbuka kelele za «unanizuia!» na «ordinateri yako inanionea!»? Ni kweli, ilikuwa inawaonea. Njia za umeme chini ya tushe zimepangwa kama mistari ya shamba, mingine inakwenda mbele, mingine inakatiza. Tushe iko pale mistari inapokutana. Tushe tatu zikishikwa pamoja, nazo ziko kwa pembe tatu za sanduku moja, umeme unapita njia ya kuzunguka na pembe ya nne inaonekana kama imeshikwa, kumbe hapana. Ili isiandike uongo, klavie inakataa tushe ya tatu. Kwa mwandishi si kitu, nani anapiga herufi tatu pamoja? Kwa wawili wanaopigana vita vya magari ni kila dakika. Dawa yake ni diodi moja kwa kila tushe, kifaa kidogo kinachopitisha umeme upande mmoja tu, na klavie nzuri za mekaniki zinazo. Basi kelele zilipungua siku ile si kwa sababu ya rangi nyekundu, ni kwa sababu ya diodi.

JUU YA A NA Q

Klavie kutoka Kampala zinakuja kwa mpango wa Kiingereza, QWERTY. Sisi tumefundishwa AZERTY ya Kifaransa, na mtihani wetu ni wa AZERTY. Mkono uliozoea AZERTY ukipiga jina Zawadi kwa klavie ya Kampala bila kuangalia, linatoka «Wqzqdi». Mama anakuwa «;q;q». Wazazi wasikie!

Wengi walisema basi zirudishwe. Haihitajiki. Klavie haitumi herufi, inatuma namba ya pahali pa tushe. Ni ordinateri inayoamua pahali pale paitwe a au q. Ukiiambia ordinateri ya kuwa klavie ni ya Kifaransa, vidole vyako vinakuta kila kitu pahali pake, ingawa maandishi juu ya tushe yanasema mengine. Na katika hizi za mekaniki vifuniko vinachomoka, basi tulivipanga upya kwa mkono, a pahali pa q, z pahali pa w, na kadhalika. Vinalala vibaya kidogo kwa sababu kila mstari una mwinamo wake. Kimoja tu kinakosa: tushe ya alama < na >, ambayo kwa klavie ya Kifaransa iko pembeni ya shifti ya kushoto. Hizi za Kampala hazina pahali pake.

KABLA HAMJANUNUA

Tumeandika sehemu hii kwa sababu mfinalisti mmoja amekwisha kuchezewa. Aliuziwa klavie yenye taa za rangi saba, na muuzaji aliapa ni ya mekaniki. Ni ya mpira. Taa si swichi. Njia ya kujua ni kuchomoa kifuniko kimoja polepole mbele ya kulipa: ukikuta kijiti cha plastiki chenye umbo la msalaba, katikati ya kisanduku kidogo, ni ya mekaniki, ukikuta kofia ya mpira inakuangalia, ni ile ile ya siku zote imevaa nguo ya sikukuu. Muuzaji akikataa usichomoe, nawe kataa kulipa.

Watengenezaji wa swichi za mekaniki wanatangaza mapigo milioni 50 na zaidi kwa kila tushe, na kwa za mpira mara nyingi wanasema milioni 5 mpaka 10. Hizo ni hesabu za kiwanda; kiwanda hakina vumbi la mwezi wa kwanza pale Mudzi Pela. Funikeni klavie zenu kwa kitambaa, ndiyo bima ya hakika. Jambo tunalolipenda zaidi ni hili: ziko klavie ambazo swichi moja inachomolewa kwa koleo ndogo na nyingine inaingizwa, bila kuchomelea. H ikifa, unabadilisha h. Kwa klavie ya mpira, kofia moja ikifa kwa kawaida unatupa klavie nzima, au unafanya kama sisi tulivyofanya miezi mingi: unamlaumu anayepiga.

Kamati ilikaa na mwalimu wa daktilo na Bwana Prefe. Walioomba michezo walitaka nyekundu mbili zinunuliwe kwa mchango wa wanafunzi. Walioomba mtihani walitaka mchango wote uende kwa sekreteria. Maneno yalikuwa makali, tusifiche. Mwishoe imekubaliwa hivi: kahawia inakaa kwa ordinateri ya kuandikia orodha na haiondolewi pale na mtu ye yote, buluu ni ya mazoezi ya daktilo mchana, nyekundu ni ya siku ya posho, saa moja, na siku nyingine inatumika kwa kuandika. Mchango utanunua swichi za akiba kumi na koleo moja, kwa kuwa klavie tatu hizi ni za namna ya kuchomoa. Klavie za mpira zilizobaki zitapimwa kwa chupa ya dawa kila mwanzo wa muhula, tushe kwa tushe, na anayetaka kujifunza kupima aje kwetu.

Tena, kila orodha ya majina itasomwa kwa sauti na watu wawili mbele ya kutoka, hata ikipigwa na malaika.

Kwa mwandishi wa darasa letu: tulikusema mbele ya watu, basi tunakuomba radhi mbele ya watu, na kwa hiyo maneno haya yamepigwa kwa stensili yasiweze kufutwa. Stensili ameipiga mwenyewe. Alisoma sehemu hii, akasahihisha makosa mawili ya kapita, akaendelea.

Siku tuliyofungua swichi ya buluu resori mbili ziliruka karibu na dirisha la chumba cha daktilo. Ni ndogo kama ukucha wa mtoto. Aliyeziokota azilete kwa kamati mbele ya posho.

Kapita wa wanafunzi, pamoja na kamati